Wimbo Unapopokezanwa: Vyama vya Ukulele, "Malaika" na Suala la Jina la Mtunzi

Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi simulizi anapotakiwa kutoa mfano wa wimbo ulio hai, aghalabu hukimbilia jandoni, arusini au matangani. Si vibaya, kwani huko ndiko tulikofunzwa kutazama. Makala haya yanaelekea kwingine, tena mbali: kwenye vyama vya wapiga ukulele vilivyotapakaa Uingereza, Kanada, Marekani na kwingineko. Wanachama wa vyama hivyo hukutana, ana kwa ana au kwa njia ya intaneti, na kila mmoja huleta wimbo aupendao ili wenzake waupige na kuuimba pamoja naye. Wengi wao si wanamuziki wa kulipwa. Ni walimu waliostaafu, makarani, wauguzi na wanafunzi.

Tumevutwa na vyama hivi kwa sababu mbili. Kwanza, vinaturuhusu kuuona wimbo ukipita kutoka kwa mtu hadi mtu peupe, mchana kweupe, jambo ambalo katika jamii nyingi hutukia taratibu mno kiasi kwamba mtafiti hukuta tu matokeo yake. Pili, katika kapu la nyimbo zinazopendwa humo umo na wimbo wetu, "Malaika". Dai letu ni kwamba wimbo unaposhirikiwa kwa namna hii hurejea katika hali ya usimulizi, na kwa hivyo una haki ya kubadilika. Hata hivyo, kati ya mambo matatu yanayopaswa kusafiri pamoja, yaani mahadhi, maneno na jina la mtunzi, jina ndilo hudondoka kwanza. Hilo nalo si badiliko la kisanaa. Ni hasara ya mtu fulani.

Neno moja kuhusu ngeli kabla hatujaendelea. Herufi ya mwanzo ya "ukulele" inamshawishi Mswahili kuliweka neno hili pamoja na ukuta na ufunguo, aseme "ukulele huu" na "kulele hizi". Hapa tumeliweka katika ngeli ya I-ZI, kama ilivyo ada ya maneno mengi ya mkopo. Msomaji atakayependa kulele mbili hatumkatazi.

Ala ndogo isiyo na besi

Ukulele haina asili yake yote Hawaii. Mnamo Agosti 1879 meli iliyoitwa Ravenscrag ilitia nanga Honolulu ikiwa imebeba wahamiaji kutoka kisiwa cha Madeira, milki ya Ureno, waliokwenda kufanya kazi katika mashamba ya miwa. Miongoni mwao walikuwamo mafundi watatu wa mbao, Manuel Nunes, José do Espírito Santo na Augusto Dias, ambao baadaye walijishughulisha na uundaji wa ala za nyuzi. Kielelezo chao kilikuwa machete, gitaa dogo la kwao Madeira. Mfalme Kalākaua akaipenda ala hiyo mpya na kuipa nafasi katika sherehe za ikulu. Katika maonyesho makubwa ya San Francisco ya mwaka 1915, Wamarekani wa bara wakaisikia na kuishangilia. Wareno hao hao walikaa Mombasa na kutuachia meza, leso na gereza. Machete yao hawakutuachia. Hata hivyo, safari ya namna hii si ngeni katika pwani yetu. Gambusi, ambayo pia hujulikana kwa jina la kibangala, ina nasaba yake Yemeni. Ilivuka bahari, ikapata mafundi wapya na mbao mpya, ikaimbiwa mashairi ya Kiswahili.

Jina lenyewe lina tafsiri mbili. Iliyoenea zaidi ni kwamba kwa Kihawaii "ʻuku" ni kiroboto na "lele" ni kuruka, huenda kwa jinsi vidole vya mpigaji hodari vinavyorukaruka juu ya nyuzi. Malkia Liliʻuokalani, dadake Kalākaua na mtunzi mashuhuri wa nyimbo, anahusishwa na tafsiri nyingine: zawadi iliyokuja huku. Wanaisimu yamkini watasimama na kiroboto. Kwa mjadala huu, tafsiri ya malkia ndiyo inayotufaa, kwa maana kila zawadi ina aliyeitoa.

Umbo la ala hii linaeleza kwa nini imekuwa chombo cha vyama. Nyuzi zake ni nne, na kwa kawaida hulinganishwa kwa sauti za G, C, E na A. Uzi wa G, ambao mtu angetarajia uwe mzito kuliko yote, katika mpangilio wa kawaida una sauti ya juu. Matokeo yake ni kuwa ukulele haina besi. Mwanagenzi akiipiga bila kuimba, wimbo hubaki kama nyumba yenye paa isiyo na kuta. Sauti ya binadamu ndiyo huikamilisha. Aidha, kwa kuwa nyuzi ni chache na ni laini, mikao mitatu au minne ya vidole inatosha kusindikiza nyimbo nyingi mno. (Mikao hiyo wapiga gitaa wetu huiita kodi, nayo haina uhusiano wowote na ushuru.) Mwalimu J. Chalmers Doane aliliona hilo. Kuanzia mwaka 1967 aliisimamia elimu ya muziki katika shule za Halifax, Kanada, akaifanya ukulele kuwa ala ya kufundishia watoto wa darasani, na mfano wake ukaenea katika shule nyingi nchini humo.

Fanani, hadhira na kimya cha mwaka 2020

Utaratibu wa kushirikiana nyimbo ni mwepisi. Mwanachama huandika maneno ya wimbo wake kwenye karatasi na kuweka alama za mikao ya vidole juu ya silabi ambazo mkao unabadilika. Akifika kikaoni huwagawia wenzake, hueleza kwa ufupi kwa nini anaupenda wimbo huo, huhesabu hadi nne, kisha wote huanza. Baada ya beti mbili tatu waliokuwa hadhira wamekwisha kuwa wasanii. Hakuna anayesikiliza tu.

M. M. Mulokozi, katika makala yake ya mwaka 1989 kuhusu tanzu za fasihi simulizi, anaitazama fasihi hiyo kama tukio linalotawaliwa na fanani, hadhira, fani inayotendwa, mahali na wakati. Mkabala huo tunaukubali, nao unafaa sana hapa, maana wimbo ule ule ukiletwa na mwanachama mwingine siku nyingine si tukio lile lile. Lakini vyama vya ukulele vinauuliza swali gumu kidogo: hadhira ikiyeyuka yote ndani ya fanani, ni nani aliyebaki kuhukumu? Katika ngano, hadhira ikichoka msimulizi huona. Katika kikao cha ukulele kila mtu anatazama vidole vyake.

Swali hilo lilidhihirika mwaka 2020, wakati janga la korona lilipofunga kumbi na vyama vingi vikahamia kwenye mikutano ya video. Sauti inayopitia intaneti huchelewa kwa sehemu ndogo ya sekunde. Kwa mazungumzo haidhuru. Kwa uimbaji wa pamoja ni balaa, kwani kila mtu humfuata mwenzake aliyechelewa, na mapigo huzidi kuzama. Suluhu iliyopatikana ilikuwa ya ajabu: aliyeleta wimbo aliachiwa sauti, na wengine wote wakazima vipazasauti vyao, wakaimba naye kwa nguvu zao zote, kila mmoja nyumbani kwake, bila kusikiwa na yeyote. Fanani aliona vinywa vikifumbuka na kufumba. Alikuwa na waitikiaji, ila kiitikio hakukisikia. Walter Ong, katika kitabu chake cha mwaka 1982, alizungumzia usimulizi wa pili unaoletwa na simu, redio na televisheni. Huu wa 2020 unastahili kuongezwa katika mjadala huo. Kwa maoni yetu ulikuwa usimulizi kamili, maana kila mmoja aliimba kwa kujua kuwa wengine wanaimba. Kulijua hilo kulichukua nafasi ya kulisikia.

Sisi tuna kielelezo chetu cha kuulinganisha, nacho ni salamu za redioni. Kwa miaka mingi wasikilizaji wa Kenya na Tanzania walinunua kadi za salamu, wakaandika majina ya jamaa na marafiki, wakachagua wimbo, wakapeleka kadi kwa mtangazaji. Walianzisha hata vilabu vya salamu na kujipa majina ya sifa. Hapo pia mtu alishiriki na wenzake wimbo aupendao, akiwa mbali, bila kuwasikia wakiufurahia. Lakini upo utofauti mmoja wa maana. Redioni wimbo ulipigwa kama ulivyorekodiwa, na kwa desturi mtangazaji alitaja walioimba. Katika chama cha ukulele wimbo huandikwa upya na mwanachama, na anayetajwa kwanza ni yeye aliyeuleta.

Kinachobadilika kwa haki

Mwanachama anayeandaa karatasi hufanya maamuzi mengi. Hushusha au kupandisha ufunguo ili sauti za wengi ziufikie wimbo. Mkao mgumu wa vidole huubadilisha kwa mwepesi ulio jirani nao. Ala zilizopiga peke yake katikati ya rekodi huondolewa, na beti ndefu hupunguzwa. Mtu aliyelelewa kwenye rekodi anaweza kuona huo ni uharibifu. Albert Lord, katika utafiti wake wa mwaka 1960 juu ya waimbaji wa tendi wa Yugoslavia ya wakati huo, alitufundisha kinyume chake: katika usimulizi hakuna matini moja ya asili ambayo nyingine zote ni nakala zake zilizochakaa. Kila utendaji ni wimbo kamili.

Mfano mzuri ni wimbo kuhusu upinde wa mvua ambao Harold Arlen aliutungia muziki na E. Y. Harburg akauandikia maneno, kwa ajili ya filamu The Wizard of Oz ya mwaka 1939. Israel Kamakawiwoʻole wa Hawaii aliurekodi kwa sauti yake na ukulele tu mwaka 1988, na rekodi hiyo ikatoka katika albamu Facing Future ya mwaka 1993. Aliuunganisha na wimbo mwingine, akabadilisha baadhi ya maneno na mpangilio wake. Leo wapiga ukulele wengi huujifunza kwa mpangilio huo wa Kamakawiwoʻole, na anayeuimba kama ulivyo kwenye filamu ndiye huonekana amekosea. Lord angetabasamu.

Jina linapodondoka

Kama mambo yangeishia hapo, tungesema vyama hivi ni bustani ya fasihi simulizi na kunyamaza. Lakini nyimbo nyingi zinazopendwa humo si za kale zisizo na mwenyewe. Zina watunzi wanaojulikana, na baadhi yao walikufa maskini.

Solomon Linda, Mzulu aliyefanya kazi Johannesburg, alirekodi "Mbube" mwaka 1939 pamoja na kundi lake la Evening Birds. Rekodi hiyo ilipofika Marekani, Pete Seeger na wenzake wa kundi la The Weavers waliisikiliza, na maneno ya Kizulu yenye maana ya "wewe ni simba" yakasikika masikioni mwao kama "Wimoweh". Hilo peke yake si kosa. Ni lahaja ya sikio, na fasihi simulizi imejaa vitu kama hivyo. Mwaka 1961 kundi la The Tokens likautoa kwa maneno ya Kiingereza, ukazunguka dunia. Linda alifariki mwaka 1962 bila kufaidi utajiri huo. Ilibidi mabinti zake wasubiri hadi mwaka 2006 ndipo wafikie mapatano ya kisheria yaliyowapa sehemu ya mapato. Wimbo huu una mikao mitatu ya vidole inayojirudia. Ndiyo maana kila mwanagenzi wa ukulele huupenda, na ndiyo maana ni rahisi kuudhania kuwa umeota tu msituni kama uyoga.

Tuje sasa kwa "Malaika". Fadhili William, mwenyeji wa Taita, ndiye aliyeupatia umaarufu kwa rekodi ya mwanzoni mwa miaka ya 1960, na hadi alipofariki mwaka 2001 alishikilia kuwa ni wake. Adam Salim naye alidai kuwa aliutunga yeye, katika miaka ya 1940. Miriam Makeba aliuimba sehemu nyingi za dunia; yumo pamoja na Harry Belafonte katika albamu ya mwaka 1965. Boney M wakautoa mwaka 1981. Kwa mpiga ukulele wa Uingereza au Kanada basi, wimbo huu unaweza kufika ukiwa na jina la Makeba, au la Boney M, au bila jina lolote ila kauli fupi kwamba ni wimbo wa jadi wa Afrika. Kauli hiyo ya mwisho ndiyo inayotukera zaidi. Inamgeuza mtu aliyekaa na gitaa mjini, akitafuta vina na pesa, kuwa kabila zima lisilo na uso.

Jina likianguka, maana nayo hulegea. "Malaika" ni malalamiko ya kijana anayependa na kutaka kuoa ilhali mfuko wake hauruhusu. Kiini chake ni mali, na katika jamii zetu mali na ndoa haviachani. Lakini asiyejua Kiswahili husikia mahadhi yaliyopoa, huambiwa kuwa neno la kwanza ni kiumbe wa mbinguni, akaishia kuuimba kama bembelezi la kumlaza mtoto. Hawezi kulaumiwa sana. Hata katika Kiswahili chenyewe malaika ni kiumbe wa mbinguni, ni mtoto mchanga, na ni vinyweleo laini vya mwilini. Muktadha ndio huchagua, na muktadha uko katika beti ambazo karatasi ya kikaoni huzipunguza kwanza: zile za shida ya fedha. Kikibaki kiitikio cha mapenzi peke yake, utanzu umebadilika. Ulikuwa wimbo wa mapenzi wenye uchungu wa kiuchumi, umekuwa kitulizo.

Kuna hasara nyingine ndogo ambayo sikio la mwanafunzi wa ushairi halitaikosa. Neno malaika lina silabi nne, ma-la-i-ka, na mkazo wake uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, yaani "i". Mzungumzaji wa Kiingereza akilisoma huunganisha "la" na "i" kuwa sauti moja, akapata ma-lai-ka: mizani tatu badala ya nne, na mkazo umehama. Kwa vile alama za mikao ya vidole huwekwa juu ya silabi, mkao hubadilika mahali pasipo pake, na chama kizima hujifunza kosa hilo kwa pamoja. Kiswahili kina bahati hapa, kwa sababu silabi zake nyingi huishia kwa irabu na kila irabu hutamkwa. Ni lugha inayomrahisishia kazi mwimbaji mgeni kuliko Kiingereza kinavyoturahisishia sisi. Kinachohitajika ni kuziandika silabi zikiwa zimetenganishwa.

Karatasi ya "Malaika"

Kutokana na hayo tunapendekeza kazi ambayo chama chetu cha wanafunzi kinaweza kuifanya kwa gharama ya karatasi na wino: kuandaa karatasi za nyimbo za Kiswahili kwa ajili ya vyama kama hivi, tukianza na "Malaika". Kabla ya kusambaza maneno yenyewe, sharti idhini ya wenye haki iombwe, kwani wimbo huu haujawa mali ya umma. Karatasi iandikwe hivi. Maneno yagawanywe kwa silabi, na mkazo upigiwe mstari. Beti za shida ya fedha zisiachwe. Kama muda ni mfupi, afadhali kiitikio kirudiwe mara chache. Kando ya kila ubeti iwekwe tafsiri fupi ya maana, isiyolazimisha vina.

Kuhusu mtunzi, wenzetu wawili tuliojadiliana nao walitaka tuchague upande mmoja ili mgeni asichanganyikiwe. Hatukukubaliana nao. Chini ya anwani yaandikwe majina yote mawili, Fadhili William na Adam Salim, kwa herufi za ukubwa ule ule, kisha sentensi moja ieleze kuwa kila mmoja alidai wimbo ni wake. Aliyeuleta kikaoni ayasome majina hayo kwa sauti kabla ya kuhesabu hadi nne.